Kitenge cha Maman Godé juu ya Mapaa ya Taipei

Mmeniuliza sana. Kila nikipita sokoni Flagey kununua samaki, mmoja wenu lazima anishike mkono: "Zuhura, huko Taiwan kulikuwaje?" Nami nasimama, mfuko unavuja maji ya barafu, nasema kulikuwa kuzuri, halafu njia nzima najiona mwongo. Kuzuri kulikuwa kweli, ila hilo silo neno lenyewe. Basi leo nimeketi, chai iko karibu, mvua ya Ixelles, mtaa wetu huu wa ughaibuni, iko dirishani kama kawaida yake, nawaandikia yote kwa mkupuo mmoja ili siku nyingine mniache nifike nyumbani na samaki wangu.

Kwa asiyemjua, Maman Godé ni jirani yangu wa ghorofa ya chini, mtu wa Bukavu, mjane, anahudumia wazee kwenye nyumba moja ya kulea wazee huku kwetu. Mwanawe wa pekee, Fidèle, alikwenda Taipei kufundisha Kifaransa, na huko akaoa binti wa watu anayeitwa Yating. Yating alipokaribia kujifungua, Maman Godé akaomba likizo ya wiki mbili. Mimi niliingia katika safari hii kwa sababu moja tu. Maman hana Kiingereza, na mimi Mtanzania ninacho cha shuleni, na likizo yangu ilikuwa inaniangalia tu. Mtaona mbele kidogo Kiingereza hicho kilifaa nini.

Kutoka Flagey

Sanduku la Maman lilikuwa na dagaa wakavu, chupa ya mawese iliyofungwa taulo tatu, na viatu vya mtoto vya kumtosha mpaka aanze shule. Lakini mzigo wenyewe ulikuwa kwenye mkoba wake wa begani: kitenge cha buluu, kimechujuka mpaka ndege waliochorwa wamebaki vivuli. Ndicho alichombebea Fidèle walipotoka Bukavu kwa miguu, na katika vitu vya nyumba ile hakuna kingine alichobaki nacho.

Tulipanda barabara ya Chaussée d'Ixelles tukiburuta masanduku, kwa kuwa basi lilitupita likiwa limejaa. Njiani akaniambia, bila kupunguza mwendo:

"Huyu mutoto, donc, nitamupandisha ku mugongo na hii kitenge. Njo pale nitapiga vigelegele. Mbele ya pale, hapana. Mutoto mwenye hayabebwa na nkoko yake, huyo hayafika bado."

Nkoko ni bibi; kwao mtoto ambaye hajabebwa na bibi yake, bado hajafika. Nikasema haya, inshallah. Sikuona shida yoyote. Miezi miwili nyuma nilikuwa jikoni kwa Maman, Fidèle alipopiga simu na kusema kwamba huko kwao mzazi na mtoto hukaa mwezi mzima kwenye nyumba maalumu ya wazazi, na wageni hawaruhusiwi. Maman alijibu kwamba ni vizuri sana, wageni wana mdomo na mafua. Nami nikatikisa kichwa huku nikichovya mkate kwenye chai. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba bibi mzaa baba angehesabiwa mgeni. Fidèle naye, ambaye ni mwalimu wa watu wazima lakini kwa mama yake ni mtoto, hakurudia mara ya pili.

Istanbul, ukungu

Ukungu ulikaa juu ya uwanja wa ndege wa Istanbul tangu alfajiri, na ndege yetu ikawa inasogezwa mbele, saa baada ya saa, mpaka tukaacha kutazama ubao. Nikampeleka Maman chumba cha kuswalia cha wanawake kwa kuwa kina zulia na kimya. Yeye Mkatoliki akauliza kama atafukuzwa. Nikamwambia Mungu wa pale ni huyo huyo, alale tu.

Nilipomaliza kuswali nikamkuta mama mmoja wa makamo, sijui wa nchi gani, amechutama miguuni pa Maman. Aliona Maman amejikunyata kwa baridi, akaona kitenge kinachungulia kwenye mkoba, akakitoa na kumfunika. Kwa wema kabisa. Maman akafumbua macho, akakivuta kile kitenge kama mtu aliyeona moto.

"Hii haifunikake mutu muzima."

Yule mama hakuelewa neno ila alielewa mkono. Akavua koti lake, akamfunika kwalo, akaketi kando yetu na gauni tu mpaka alipoitwa kwenye ndege yake. Hatukumjua jina. Maman alilala usingizi mzito, kitenge amekikumbatia kifuani, na mimi nilisinzia nikisikia miguu mitupu ya wanawake wakiingia na kutoka juu ya zulia. Kama safari ingeishia pale, ningeridhika. Mimi, mnanijua, ni mtu wa kukaa.

Taipei, maji yasiyo mvua

Fidèle alitupokea peke yake; mtoto alikuwa amezaliwa siku chache kabla. Joto la nje lilikuwa la jikoni kwa bibi yangu Morogoro, joto lenye mvuke. Kwenye gari Maman akauliza mtoto yuko wapi ili aende kunawa mikono.

"Maman, nilisema. Visite haikubaliwe."

"Ya bageni, ndiyo. Nilisikia."

"Ya bote, maman. Ni baba ya mutoto tu njo anaingia."

Gari zilipita, pikipiki zilipita nyingi kama siafu, kisha Maman akauliza polepole sana:

"Alors mimi niko mugeni?"

Fidèle akanitazama kwenye kioo. Nikageuza uso dirishani, maana mshenga hana la kusema harusi ikivunjika. Mwezi wa nyumba ya wazazi ulikuwa na wiki zaidi ya tatu mbele, na sisi tulikuwa na mbili.

Walikuwa wakikaa ghorofa ya tano ya jengo la zamani lenye vigae na vyuma madirishani. Asubuhi ya kwanza niliamshwa na maji yakidondoka mbele ya dirisha, matone mazito, na jua linawaka. Nikachungulia juu nisione wingu. Yalidondoka kidogo, yakakoma. Kesho yake tena, saa ile ile ya mapema. Nilidhani bado nimo ndotoni, na kwa kweli siku zile zote nilitembea hivyo, masikio yamejaa pamba ya ndege, macho yamefumbuka nusu.

Mama yake Yating anakaa ghorofa ya juu kabisa ya jengo hilo hilo. Tulimwita Bi Lin. Mwembamba, nywele fupi, ana haraka. Siku ya kwanza alikuja na bakuli la uji wa wali, wenyewe hasa, usio na sukari wala maziwa, na vijipande vya figili za chumvi. Aliinama, tukainama, Maman akamshika mikono yote miwili muda mrefu kupita Bi Lin alivyozoea. Nikakohoa na kuanza Kiingereza changu. Bi Lin akatabasamu na kutikisa mkono: hana. Mkalimani niliyesafirishwa mabara mawili nikarudi kula uji.

Kila alasiri tulimwona akishuka ngazi na kopo la supu lililofungwa kitambaa, kwenda kwa bintiye. Maman alisimama kwenye roshani akimtazama mpaka anapotea kwenye kona.

"Ule anaingia," aliniambia. "Anabeba supu, anaingia. Mi nabakia huku natazama nguo za batu."

Ilimuuma, na ikaanza kuniuma na mimi.

Bustani kubwa

Basi tukawa watu wa bustani. Fidèle alikuwa na kazi na mke wa kumwangalia. Akatuonyesha njia ya bustani kubwa akatuachia ufunguo.

Sijui niwaelezeeje pale. Katikati ya mji ule, barabara zenye njia nane na maduka yanayoongea yenyewe, unavuka kivuko kimoja na kelele inakatika. Kuna miti ya jamii ya mikuyu yenye mizizi inayoning'inia kutoka matawini, unapita katikati yake kama pazia la shanga. Kuna ndege wa kahawia anayesimama kwenye majani bila kutikisika hata kope. Mwanzoni tulidhani ni sanamu, Maman akamsogelea kwa heshima, naye akageuza jicho moja. Kuna wazee wanaotembea kinyumenyume, taratibu, wakipiga makofi. Mmoja alitupita hivyo, uso wake ukitutazama akizidi kuwa mbali, akatupungia mkono. Maman akampungia. Akapungua mpaka akawa kidole.

Tulikula tulichokiona. Mandazi marefu kama fimbo pamoja na maziwa ya soya ya moto, mayai yaliyochemshwa kwenye chai, maboga matamu. Mimi nilikuwa nauliza kila mahali kuhusu nguruwe kwa kuchora mkia wake kwa kidole hewani, na wauzaji walicheka wakatikisa kichwa au wakaitikia. Kulinyesha kila mchana kidogo, mvua ya uvuguvugu, tukajikinga chini ya kibanda pamoja na wanawake waliokuwa wakicheza dansi kwa redio ndogo. Walimvuta Maman, naye akacheza. Kwa muda ule alisahau.

Jioni moja, tumerudi nyumbani, tukasikia muziki wa kengele kengele unakuja mtaani, ule ule wa gari la aiskrimu linalozunguka Ixelles wakati wa kiangazi. Maman akainuka na pochi, anataka kuninunulia. Tulishuka mbio. Tukakuta majirani wote wamepanga mstari na mifuko ya takataka, na gari la njano linameza. Bi Lin alikuwemo. Aliutazama mkono wa Maman wenye sarafu, akatazama gari la taka, akaziba mdomo. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka. Maman hakucheka. Alisema lile gari linadanganya watoto.

Matembele

Siku ya tano, kando ya njia ya bustani, Maman akasimama ghafla.

Matembele. Wallahi, matembele, shamba zima la duara, majani ya kijani kibichi na mengine ya zambarau, yametambaa chini ya miti kama yako kwao. Watu wanapita, hakuna anayechuma. Waafrika Mashariki mnajua, matembele yakionekana yameachwa hivyo, ni dhambi kuyaacha. Maman aliweka mkoba chini na kuanza kuchuma vile inavyotakiwa, ncha changa tu, vidole vinakimbia. Na mimi nikachuma. Mzazi anataka mboga ya damu, alisema, nitapika na ndagala, ndio dagaa, na mawese, Fidèle ampelekee mke wake, nipate kuingia walau kwa chakula.

Mlinzi wa bustani alikuja na filimbi. Hakuwa mkali, alikuwa amechanganyikiwa. Alituonyesha maua mengine, akatuonyesha matembele, akatuonyesha kibao chenye picha ya mkono uliokatwa mstari. Kumbe kule bustanini matembele ni pambo. Yamepandwa yapendeze macho, kama sisi tunavyopanda waridi. Nikaeleza kwa Kiingereza kuhusu mzazi, damu, Bukavu. Akapiga simu namba ya Fidèle tuliyoandikiwa kwenye karatasi. Fidèle alikuwa darasani, akampigia mama mkwe wake. Aliyekuja ni Bi Lin, na baiskeli.

Alizungumza na mlinzi, akainama sana kwa niaba yetu. Halafu akafungua mfuko wa Maman, akatazama. Nilisubiri aibu. Bi Lin akachukua ncha moja ya tembele, akaivunja, akanusa, akafanya uso wa mtu aliyeona moshi, akaonyesha barabara na magari. Akaumwaga mfuko wote kwenye pipa. Maman akashika kiuno. Na kabla hajasema kitu, Bi Lin akamshika mkono, akatuongoza nyumbani, akapanda nasi ngazi kupita mlango wetu, kupita mlango wake, mpaka kwenye mlango wa bati, akaufungua.

Paa la Bi Lin

Hapo ndipo nilipojua maji yale yalikotoka.

Paa zima lilikuwa bustani. Makopo ya rangi, mabeseni yaliyopasuka, bafu la zamani lenye miguu, vyote vimejaa udongo na vyote vimeota. Vitunguu, pilipili, mtango ulioparamia nguzo ya antena, mchicha mwekundu. Na kwenye lile bafu, matembele. Ya kijani, manono, yamemwagiliwa asubuhi. Kuzunguka pande zote mapaa mengine nayo yalikuwa na majani, moja baada ya jingine mpaka kwenye milima, na kelele za mtaa zilikuja kwa mbali sana, kama za watu wa ndoto nyingine. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na sikutaka kuinuka.

Bi Lin akampa Maman mkasi. Maman akaukataa, akaonyesha vidole. Wakachuma pamoja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maman alikuwa amechelewa jembe lake siku mbili tu.

Fidèle alipotoka kazini akatukuta jikoni kwa Bi Lin, mawese yanachemka, dagaa wamejaza nyumba harufu. Akafasiri. Bi Lin alisema majani haya kwao hupewa mzazi ili maziwa yatoke. Maman akasema kwetu ni ya damu. Wakatazamana.

"Muambie ni yote mbili," Maman akasema.

Bi Lin alionja mchuzi wa mawese, akafikiri muda, akaongeza tangawizi. Nilidhani vita imeanza. Maman akaonja, akafikiri muda ule ule, akarudisha kijiko.

"Bon. Inaweza."

Paa la ng'ambo ya barabara

Kesho yake alasiri Bi Lin alifunga kopo, akasimama mlangoni, akamwashiria Maman amfuate. Maman alielewa mara moja. Alivaa gauni lake la kanisani, akajifunga kilemba, akaweka kitenge begani. Bangili nikamfunga mimi.

Nyumba ya wazazi ni jengo refu, safi kama hoteli. Bi Lin alifika mapokezi, akakabidhi kopo kwa mikono miwili, akainama, akageuka, akatoka. Hakuingia. Msichana wa mapokezi, ambaye ashukuriwe Mungu alikuwa na Kiingereza, nilimuuliza kama yule mama huwa anaingia. Akasema hapana, hajaingia hata siku moja, ni baba peke yake, mama huyu huacha supu kisha anakwenda.

Nikamfasiria Maman. Ndiyo kazi pekee ya ukalimani niliyofanya safari nzima.

"Haingiake?"

"Haingii, Maman."

Tulimfuata Bi Lin kuvuka barabara mpaka kwenye duka kubwa la nguo, tukapanda lifti pamoja na watu wenye mifuko, tukatoka juu kabisa, na kumbe pale nako ni bustani. Mianzi kwenye vyungu, kidimbwi, wanafunzi wawili wamelala juu ya mabegi yao. Bi Lin alikwenda moja kwa moja kwenye benchi la mwisho, akalipangusa kwa kiganja, akatukalisha. Akanyoosha kidole ng'ambo, kwenye lile jengo refu. Dirisha la kona.

Tulingoja. Upepo ulikuwa unapita kwenye mianzi, na mimi kama kawaida nilianza kusinzia. Kisha pazia lile likafunguka na akatokea mwanamke kijana mwenye gauni la kulalia, mikononi kifurushi cheupe. Alikiinua. Mbali, kidogo kama mkate. Bi Lin akainuka, akapunga mkono mmoja, taratibu. Kila siku alikuwa akija pale peke yake, na bintiye anamwonyesha mtoto, na hakumwambia mtu. Hata Fidèle hakujua.

Maman Godé alisimama kando yake. Nilidhani atalia au atapiga vigelegele. Hakufanya lolote. Alimshika Bi Lin kiunoni, wakasimama hivyo mpaka pazia likafungwa. Mimi ndiye niliyelia, nawaambia wazi.

Tulikwenda kila alasiri iliyobaki, sisi watatu na supu.

Fundo

Siku ya mwisho tulikuwa juu ya paa la Bi Lin, sanduku limeshafungwa. Maman akatoa kitenge. Akatafuta kwa macho, akachukua tango kubwa la kupikia lililoiva, zito, la ukubwa wa mtoto hasa, akainama, akaliweka mgongoni, akatupia kitenge, akafunga chini ya makwapa, juu ya matiti, akatembea nalo kati ya makopo. Anamfundisha mwenzake.

Bi Lin alimtazama, akatikisa kichwa. Akalichukua tango na kitenge, akajibebesha kwa mikono iliyojua kazi yake. Kumbe na wao walibebwa mgongoni na mama zao. Ila yeye alipitisha nguo mabegani, akaikatisha kifuani, akafunga tumboni. Maman akafungua, akafunga kwapani. Bi Lin akafungua, akafunga mabegani. Kila mmoja alisema lugha yake na kila mmoja aliona mwenzake atamwangusha mtoto. Hakuna aliyekubali. Mwisho tango lilipikwa.

Lakini Maman hakukirudisha kitenge mkobani. Alikikunja mara nne, akamwekea Bi Lin mapajani, akaenda kusimama kwenye ukingo akitazama mapaa. Nilimfuata.

"Umepiga vigelegele?" nilimuuliza kwa utani.

"Sijamubeba," akasema.

Ixelles

Safari ya kurudi haikuwa na ukungu wala cha kusimulia. Maman alirudi kazini kwake, mimi kwangu, tukawa tunapishana kwenye ngazi. Alikuwa ananisalimia vizuri, lakini mkoba ulikuwa mwepesi begani mwake, na aliushika kama mtu aliyepoteza kitu.

Wiki iliyopita tulikuwa Flagey, kwenye foleni ya samaki, baridi inauma masikio. Simu yake ikalia. Fidèle ametuma picha. Bi Lin amesimama juu ya paa lake, kando ya lile bafu la matembele, amegeuza mgongo, na mgongoni kuna kichwa kidogo chenye nywele nyeusi kimelala upande. Kitenge ni kile cha buluu. Maman aliikuza picha kwa vidole viwili, akatazama mguu unaochungulia, akatazama kisigino. Kisha akaisogeza mpaka kwenye bega la Bi Lin, na bega lilikuwa tupu. Akaisogeza tena chini.

"Zuhura. Ona."

Nguo ilikuwa imepita chini ya kwapa.

Maman Godé akanipa simu niishike. Akaweka mkono mdomoni, akarudisha kichwa nyuma, na vigelegele vikapasuka pale sokoni, virefu, njiwa wakaruka, watu wa mikahawa wakageuka na vikombe vyao. Muuza samaki akaniuliza kuna nini. Nikamjibu kwa Kifaransa kwamba mtoto amefika.